Sahihi ya Adolf Kubicek

Arlys Kubicek alikuwa akipeleka barua mashambani, njia ya maili sabini na nne, kila siku isipokuwa Jumapili. Mimi nilikuwa mkuu wa posta ya Zelenka, Nebraska, yaani mkuu wa dirisha moja, mizani moja na Arlys. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na tisa. Haya ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine aliniambia mwenyewe, enzi zile alipokuwa bado ananiambia mambo.

Hakuwa mtu wa makuu. Aliishi peke yake katika nyumba aliyoachiwa na mama yake, nyuma ya maghala ya mahindi, pamoja na paka wawili aliowaita kwa jina moja, kwani alisema hata ukiwapa majina mawili hawaji ukiwaita. Mkono wake wa kulia ulikuwa mweusi kwa jua kuliko wa kushoto, kama wa wapeleka barua wote wa mashambani, maana ndio unaotoka dirishani kufungua masanduku. Saa nne asubuhi alikula mkate mtamu wa mbegu za mpopi, na saa tisa alirudi, akanisaidia kufunga magunia, tukanywa kahawa. Mara mbili kwa juma alikuja kwangu jioni tukacheza karata.

Kilichomtofautisha na watu wengine wa Zelenka kilikuwa kimoja tu. Alikusanya noti za zamani za benki za miji midogo.

Kabla ya mwaka 1935, benki yoyote ya mji iliyokuwa na kibali cha serikali kuu iliweza kutoa noti zenye jina la mji wake. Serikali ilizichapa huko Washington na kuzileta zikiwa karatasi nzima nzima, kisha rais wa benki na keshia wake wakazitia sahihi kwa wino na kuzikata kwa mkasi. Kwa hiyo mji wenye watu mia sita, wenye kanisa, baa mbili na ghala la nafaka, ulikuwa na hela yake yenye jina lake. Noti zile kubwa za mwanzo, wakusanyaji huziita mablanketi ya farasi. Nyingi zilirudishwa na kuchomwa. Zilizobaki zilisahaulika kwenye Biblia, kwenye makopo ya kahawa, nyuma ya picha za harusi.

Arlys alikuwa nazo kumi na saba, za benki saba za wilaya yetu. Wazee wa meza ya kahawa pale mkahawani walimwita Mama Noti.

"Mama Noti, leo umefukua hela za marehemu gani?" wangemwuliza.

"Za babu yako," angewajibu. "Alisema usipewe, utazinywa."

Lakini noti aliyoitaka hasa hakuwa nayo, wala hapakuwa na mtu yeyote aliyejulikana kuwa nayo. Ilikuwa ya Benki ya Kwanza ya Taifa ya Zelenka. Keshia wa benki hiyo, aliyekuwa akiiendesha mwenyewe kila siku huku rais akiwa shambani na ng'ombe wake, aliitwa Adolf Kubicek. Alikuwa babu yake Arlys.

Benki ile ilifunga milango Novemba ya 1926, watu wakapoteza akiba zao. Wakaguzi walikuja, wakakaa majuma matatu, wakaondoka bila kumshitaki mtu. Haikusaidia kitu. Mji uliamua kwamba Kubicek alikula hela, na kama hakula, basi alijua. Yeye hakuhama. Alikwenda kufanya kazi ghalani, akipima magari ya mahindi ya watu wale wale, mpaka alipofariki mwaka 1944. Mkewe alichoma kila karatasi yenye mwandiko wake. Arlys alizaliwa miaka mitano baadaye, na alipofika darasa la pili msichana mmoja alimwambia mbele ya wenzake, "Babu yako alikula nyumba yetu." Arlys hakujua maana yake. Alirudi nyumbani akamwuliza mama yake inawezekanaje mtu kula nyumba, naye mama akamzaba kibao, kisha akalia.

Kwa hiyo alitaka kuiona sahihi ya mtu yule. Aliniambia hivyo mara moja tu, tukiwa tunapanga barua. "Twyla, sina hata herufi moja aliyoiandika. Nataka kujua mkono wake ulikuwaje."

Aliyemwingiza katika kukusanya noti alikuwa Delmar Schuette, mwalimu wake wa historia wa sekondari. Mwalimu alikuwa mtu msafi, mwembamba, mwenye sauti ya upole, na alikuwa akijua noti kuliko mtu yeyote kati ya hapa na Omaha. Alimfundisha Arlys kutazama karatasi dhidi ya mwanga, kutambua noti iliyopigwa pasi ili ionekane mpya, kusoma sahihi. Kwa miaka ishirini na mbili kila Jumanne baada ya kazi Arlys alipita kwake. Helga, mke wa Mwalimu, aliwapikia bata na maandazi ya mvuke, nao wakakaa na vioo vyao vya kukuzia wakinong'ona kama watoto wenye siri. Arlys alimwita Mwalimu mpaka siku ya mwisho, ingawa mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na minane. Naye Mwalimu alimwita binti.

Mwanzoni mwa Februari ya 2007, Arlys alipeleka kifurushi kwenye nyumba ya wazee, akamkuta Bibi Leona Pospichal ameketi kwenye kiti chake karibu na mlango. Bibi Leona alikuwa na miaka tisini na sita. Macho yalikuwa yamepungua, lakini kichwa kilikuwa salama.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Mpeleka barua, Bibi. Arlys Kubicek."

"Kubicek yupi?"

"Wa Adolf. Mimi ni mjukuu wake."

Bibi akamshika mkono akamwambia akae. Arlys alikuwa na masanduku arobaini bado hajayafikia, lakini alikaa.

Bibi Leona akamwambia kwamba alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano siku benki ilipofungwa. Baba yake alimpeleka mjini kwa gari la farasi kwenda kutoa hela za makaa na viatu vya watoto. Wakakuta mlango umefungwa na watu wanaupiga kwa ngumi. Baba yake akazunguka nyuma, akasimama uchochoroni hajui la kufanya. Mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka keshia Kubicek, bila kofia. Akasema, "Josef, hela zako siwezi kuzigusa tena, zimefungiwa. Lakini hii ni yangu." Akatoa pochi yake mwenyewe, na ndani yake kulikuwa na noti moja tu ya dola kumi. Akampa.

"Baba hakuitumia," Bibi Leona alisema. "Alikopa makaa. Alisema mtu akikupa chake cha mwisho, huwezi kukinunulia makaa. Ninayo mpaka leo, iko kwenye Biblia. Ichukue, mwanangu. Ni ya kwenu."

Hapo ndipo Arlys alipofanya kitu ambacho wengi wangemwita mjinga kwacho. Alikataa. Alimwambia Bibi kwamba noti ile ina thamani kubwa, kwamba hawezi kuichukua bure kwa mtu wa miaka tisini na sita, kwamba atamleta mtaalamu mwaminifu aitazame na aseme bei yake ya haki mbele yao wote wawili, kisha atailipa yote.

Alirudi posta usiku unaingia, amechelewa kwa saa mbili, mashavu yamewaka. Alinisimulia yote amesimama, kofia bado kichwani. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu, ingawa haikuwa Jumanne. Alimsimulia kila kitu, kisa cha uchochoroni, Biblia, namba ya chumba. Alimwambia pia kwamba anazo dola elfu kumi na moja benki, akiba ya miaka yote, na kwamba yuko tayari kuzitoa zote. Wakapanga waende pamoja Jumamosi.

Ijumaa Mwalimu alipiga simu. Alikuwa na mafua. Jumatatu iliyofuata nyumba ya wazee ilifungiwa wageni, kwa kuwa mafua yalikuwa yameingia humo, hata barua ziliachwa mlangoni. Ilipofunguliwa kukaja barafu. Barafu ilipoyeyuka Mwalimu akasema, "Binti, usiende-ende kule peke yako. Watoto wa dada yake Leona watasema unamrubuni bibi kizee. Tungoje Pasaka, twende na maua, tufanye mambo kwa ustaarabu." Arlys alimsikiliza. Alikuwa amemsikiliza miaka ishirini na mbili.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu.

Jumatatu ile ile nyumba ya wazee ilipofungwa, Arlys akiwa njiani, Mwalimu Schuette aliingia posta. Hakuwa na mafua yoyote. Alikuwa na bahasha ngumu, ya rejista, iendayo kwa kampuni ya mnada huko Texas. Nikamwuliza bima ya kiasi gani. Akasema, "Elfu kumi." Nikanyanyua macho. Akatabasamu. "Sarafu za mjomba wangu, Twyla. Ukipoteza nitakuja kuishi kwako." Nikacheka. Nikaipima, na ilikuwa nyepesi. Sarafu haziwi nyepesi hivyo. Nilijua nimeshika karatasi. Nikaipiga muhuri mara nne, pembe zote, kama sheria inavyotaka, nikaitupa kwenye gunia.

Sheria inasema pia kwamba mfanyakazi wa posta hasemi nani katuma nini kwa nani. Niliapa kwa mkono juu. Na sikuwa na hakika. Hivyo ndivyo nilivyojiambia jioni ile na jioni nyingine nyingi, Arlys ameketi mbele yangu akigawa karata na kuhesabu siku za Pasaka.

Katalogi ya mnada ilifika juma moja kabla ya Pasaka. Zilikuja mbili, moja ya Arlys na moja ya Mwalimu, zote kwenye gunia moja. Arlys alipanga barua zake zote kwanza, kama desturi, ndipo akafungua yake amesimama karibu na dirisha, mkate mkononi. Nilikuwa nikiuza stempu. Niliona tu mkate umewekwa juu ya rafu taratibu, na mteja alipoondoka nikageuka, naye alikuwa bado anasoma. Alikuwa akisoma polepole, kidole chini ya mstari.

"Twyla," akasema, "njoo unisomee hapa. Nataka kuhakikisha nasoma sawa."

Ilikuwa ukurasa wa themanini na mbili. Noti ya dola kumi ya Zelenka, Nebraska, ya pekee ijulikanayo. Chini ya picha kulikuwa na habari yake yote. Keshia Adolf Kubicek, siku ya kufilisika kwa benki, alimpa mkulima mmoja noti hii kutoka pochi yake mwenyewe, uchochoroni, na mkulima hakuitumia kamwe. Ilikuwa imeandikwa vizuri sana. Mtu angeweza kulia. Bei ya kuanzia ilikuwa dola elfu kumi.

Nilisoma kwa sauti mpaka mwisho. Arlys akafunga katalogi, akaiweka kwenye begi lake, akabeba trei zake za barua, akaenda kazini. Hakuruka sanduku hata moja siku ile. Alipofika nyumba ya wazee aliingia ndani.

Bibi Leona alifurahi kumwona. "Umeipenda?" akamwuliza kabla hajaketi.

"Nini, Bibi?"

"Noti. Yule bwana uliyemtuma, mwembamba, mwenye sauti nzuri. Alisema wewe una kazi nyingi, umempa hela aniletee. Nilikataa hela. Akasema bila hela hutakubali, na mimi nikajua ni kweli, maana ulishaniambia hivyo. Akaniachia mia nne. Kwani hajakupa?"

Arlys aliniambia kwamba hapo alifikiria kusema uongo. Alifikiria kusema ndiyo, amenipa, asante Bibi, na kumwachia mzee amani yake. Lakini mdomo wake haukukubali. Akamwambia kweli. Bibi Leona akalia bila sauti, akapapasa meza, akatoa bahasha yenye zile mia nne, hazijaguswa, akataka kumpa. Walikaa vile, kila mmoja akisukuma bahasha kwa mwenzake.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa ya tatu kutoka mwisho wa njia. Sanduku lake liko barabarani, lakini Arlys alizima gari akapanda hadi mlangoni.

"Nimekuletea katalogi yako, Mwalimu."

"Ah, asante, binti. Ungeiacha tu sandukuni."

"Ukurasa wa themanini na mbili."

Mwalimu akatazama barabarani, kisha ndani, ambako Helga alikuwa akisikiliza redio. Akatoka akavuta mlango nyuma yake. "Ingia basi, kuna upepo."

"Hapa panatosha. Ulimwambia Bibi Leona kwamba nimekutuma?"

"Nilimwambia tunafahamiana."

"Sikuuliza hilo."

"Arlys, nilimlipa. Hakuna aliyemshika mkono."

"Ulimlipa mia nne."

"Alikuwa anataka kuitoa bure," Mwalimu akasema. "Tazama, wakusanyaji ndivyo tulivyo. Wa kwanza kufika ndiye mwenye noti. Hilo nilikufundisha mimi. Wewe ulikaa ukingoja Jumamosi, ukichezea ustaarabu. Angekufa, wale watoto wa dada yake wangeitupa na Biblia."

"Na kisa cha babu yangu? Kile nacho ulifika wa kwanza?"

"Kisa kinaipa thamani. Sasa watu kutoka Florida mpaka Oregon wanajua Adolf Kubicek alikuwa mtu mwaminifu. Ungeifungia kabatini kwako, nani angejua?"

Arlys akatazama chini. Mwalimu akadhani amelainika, akashusha sauti. "Paa linavuja, binti. Dawa za Helga unazijua, na pensheni ya mwalimu unaijua. Sikukusahau. Nimewaambia waanzie kumi. Wewe una kumi na moja. Njoo uinunue, iwe yako. Kama nisingekujali ningeanzia ishirini."

"Kumbe ndiyo maana ni kumi," Arlys akasema.

"Ndiyo maana."

"Ungekuja kwangu ukasema paa linavuja, Mwalimu, ningekupa zile kumi na moja pale pale. Ungempa Bibi Leona haki yake, na nisingekuuliza umebakiza ngapi."

Arlys aliniambia kwamba kilichomuuma zaidi ya yote ni kwamba Mwalimu alionekana ameshangaa, kama mtu aliyesikia jambo ambalo halikuwahi kumpitia akilini.

Mwanasheria wa mji mkuu wa wilaya alisema kesi ingewezekana kama Bibi Leona angekubali kuapa na kuhojiwa. Arlys hakutaka mtu wa miaka tisini na sita aburutwe mahakamani aulizwe kama akili zake ziko sawa. Akaiacha.

Mnada ulifanyika Kansas City, hotelini, Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Nilikwenda naye. Ilikuwa safari ya saa tano, na aliendesha yeye kwa kuwa hakupenda kukaa bure. Alikuwa na hundi ya zile elfu kumi na moja kwenye mkoba, na nilidhani anakwenda kununua. Yeye pia, nafikiri, alidhani hivyo.

Kabla ya mnada wanaruhusu watu kutazama. Unaketi mezani, kijana mwenye glavu anakuletea unachokitaka. Arlys aliomba noti ya Zelenka. Ililetwa ndani ya plastiki. Ilikuwa imechoka, imekunjwa mara mbili, kona moja imeliwa. Sahihi ya rais ilikuwa imefifia. Ya keshia ilikuwa palepale, ya kahawia, imelalia kulia, herufi A imefungwa juu kama hema, na chini ya jina mstari mmoja mfupi, ulionyooka. Arlys hakutumia kioo. Alitazama kama dakika kumi. Kidole chake cha shahada kilikuwa kikitembea juu ya meza, kikifuata, A, d, o. Watu nyuma yetu walianza kukohoa. Akairudisha, akamwambia kijana asante.

Mwalimu alikuwa ameketi safu ya nyuma kabisa, amevaa tai. Alimwinulia Arlys mkono kidogo. Arlys alipita kama anayepita kiti kitupu.

Zamu ya noti ile ilipofika, dalali alisoma kile kisa, maneno yote, na mtu mmoja mbele yetu akatikisa kichwa kwa huzuni. Kisha akaanza kwa elfu kumi. Kibao cha namba kilikuwa mapajani mwa Arlys. Mtu mmoja aliyekuwa akinunua kwa simu akaweka kumi. Dalali akaomba kumi na mia tano. Nikamgusa Arlys kiwiko.

"Inua," nikanong'ona.

"Nikiinua, hela inakwenda kwake."

"Lakini utakuwa nayo."

"Nitakuwa nayo kutoka kwake."

"Arlys, ni babu yako."

"Najua ni babu yangu, Twyla."

Dalali alituangalia, nadhani kwa sababu tulikuwa tukisemezana. Akangoja. Alingoja muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akapiga nyundo. Elfu kumi, mtu wa simu. Jina lake hatukulijua, wala mji wake.

Mwalimu alitukuta koridoni. Uso ulikuwa umempauka. "Ulikuwa nazo," akamwambia. "Nilikuwekea. Kwa nini hukuinua?" Alisema kama mtu aliyedhulumiwa. Arlys akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote, akatoka.

Tulikuwa tumeshavuka mto, tumeingia Nebraska, nilipomwambia. Sijui kwa nini nilichagua pale. Labda kwa sababu alikuwa anaendesha na hakuweza kunitazama. Nilisema, "Ile bahasha niliipiga muhuri mimi. Februari. Aliniambia ni sarafu. Sikuamini, lakini niliipiga."

Tulipita miji miwili.

"Ungesema ungefukuzwa kazi," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na pensheni."

"Ndiyo."

"Uliapa."

"Niliapa, Arlys."

"Basi ulifanya ulichopaswa kufanya," akasema. Alisema bila hasira, na kwa sauti ile ile angeweza kusema kwamba kesho kutakuwa na mvua. Nikamshukuru. Nilidhani nimesamehewa.

Kwa miaka mitano iliyofuata alipeleka barua kwa Mwalimu Schuette kila siku, bila kuchelewa na bila neno. Krismasi ya kwanza Mwalimu aliweka bahasha ndani ya sanduku lake, imeandikwa jina la Arlys, haina stempu. Arlys aliileta posta, akaipiga muhuri wa "haijalipiwa", na kesho yake akairudisha mle mle. Ya pili ilikuja na stempu. Hiyo aliipokea, kwa kuwa ilikuwa barua halali, na aliitia kwenye tanuri la kupasha nyumba joto bila kuifungua. Paa la Mwalimu lilitengenezwa. Mjini habari zilijulikana, na wazee wa meza ya kahawa waliacha kumkaribisha kiti, lakini walikuwa bado wanamwamkia, maana nusu yao alikuwa amewafundisha. Mwishowe alihamia Arizona kwa binti yake. Arlys akajaza fomu ya kuhamisha barua zake na kubandika vibandiko vya njano vyenye anwani mpya kwa mwaka mzima.

Kila Jumamosi alikwenda kwa Bibi Leona. Bibi akamsimulia tena siku ile ya Novemba, Arlys akaiandika, Bibi akatia alama yake chini, na gazeti la wilaya likaichapa. Watu wachache walimpigia simu. Mmoja alikuwa yule msichana wa darasa la pili, sasa bibi mwenye magongo. Alisema, "Nimesoma." Arlys akasema, "Vizuri." Wakakata. Bibi Leona alifariki kabla ya kutimiza tisini na nane, na Arlys alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, mwanamke pekee.

Zile noti kumi na saba aliziuza mchana mmoja kwa mtu wa Lincoln. Hakubishana bei. Nilimwuliza kwa nini, akasema kila alipozitazama aliisikia sauti ya mtu mwingine ikimweleza kilichopo juu yake.

Kwangu hakuja tena kucheza karata. Hakugomba wala hakuninunia. Alinisalimu kila asubuhi, alinisaidia kufunga magunia, aliniuliza habari za mgongo wangu. Nilipomwalika alisema amechoka, na alipochoka kusema amechoka, niliacha kumwalika. Saa tisa kahawa alikunywa garini.

Alistaafu mwaka 2014. Nilimwandalia sherehe ndogo nyuma ya posta, keki, bilauri za karatasi, wateja wa njia yake walijaa mpaka nje. Alimshukuru kila mtu kwa jina, na jina la mbwa wa kila mtu. Wanawake aliwakumbatia. Aliponifikia mimi, mwisho wa mstari, alininyooshea mkono ule wa kulia, mweusi kwa jua, nami nikaupokea. Alinishika kwa adabu, kama unavyomshika mkono mtu wa ofisi nyingine aliyekuja kwa ukaguzi, kisha akachukua koti lake.